Kutoka Barazani Kwenda Barazani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Jiji la Houston

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Jiji, na wakuu wa Kaunti ya Harris,

Mimi ni mtunza wazee. Siku tano kwa wiki napanda basi kabla hakujapambazuka, kutoka kusini-magharibi mwa jiji lenu, huku tunakoishi wengi tunaosema Kiswahili (Wakongomani ndio wengi, sisi wa pwani tumechanganyika nao), naenda Third Ward, mtaa wa zamani wa watu Weusi, kwa bibi mmoja wa miaka 84. Namwogesha, nampikia uji wake mzito wa mahindi wa chumvi, ambao siku ya kwanza nilidhani amesahau sukari, nampima presha, kisha tunatoka nje kukaa. Jina lake silitaji. Hakunituma niandike, ila nilimweleza ninachotaka kusema juu ya nyumba za mtaa wake na watu wanaosukumwa kuziacha, akaniambia sema.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini. Ni Kiingereza cha dawa, choo, miadi ya daktari, na "umelala vipi bibi". Jambo hili haliingii humo. Binti yangu atawatafsiria, na mkiona amenitia maneno mdomoni, tafuteni mkalimani wenu, mji huu hauna uhaba wa Waswahili. Halafu ipo sababu ya pili. Katika lugha yangu, nyinyi na pale tunapokaa na bibi mna jina moja.

Nyumba ya kwetu Mombasa ina baraza. Ni ile sehemu ya mbele, kibenchi cha mawe au cha simiti kilichoungana na ukuta, ambapo wazee hukaa jioni, bao likachezwa, kahawa ikapita, na mpita njia akasalimiwa hata kama hajulikani ni mtoto wa nani. Na kikao cha wakubwa kinachokata mashauri ya watu nacho huitwa baraza. Tunasema baraza *ya* nyumba na baraza *la* jiji, tofauti ni herufi moja tu. Sijui wahenga walikusudia nini, ila mimi naona mashauri yalikuwa yakikatwa hapo hapo watu walipokaa. Leo baraza la jiji liko katikati ya mji, na baraza ya bibi iko maili chache kusini, ina viti viwili vya plastiki na kopo la biskuti. Kopo hilo nitalirudia.

Nyumba yake ni ya mbao, nyembamba, imeinuliwa juu ya matofali. Vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine, hakuna ujia, unapita chumba cha mtu kwenda jikoni. Wamarekani huziita nyumba hizi kwa jina la bunduki, eti risasi ikiingia mlango wa mbele itatokea wa nyuma isiguse kitu. Mimi sijaona risasi, nimeona upepo. Julai, joto la Houston likiwa limekaa mabegani kama gunia, ukifungua milango yote miwili hewa inapita moja kwa moja kama kwenye ukumbi wa nyumba zetu. Wako wataalamu wanaosema asili ya ramani hii ni Afrika Magharibi, ikapitia Haiti, ikaingia New Orleans, ndiyo ikafika kwenu. Nilipoambiwa hivyo sikushangaa sana. Nilishaizoea nyumba kabla ya kuelezwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mitaa michache kutoka kwa bibi, kwenye Holman Street, zipo nyumba 22 za aina hiyo hiyo, zimejipanga safu, nyeupe. Mnazijua, kwa sababu mnapopata wageni mnawapeleka huko. Ni Project Row Houses, shirika la sanaa la mtaa. Mwaka 1993 wasanii saba Weusi walizikuta zimeachwa, nyasi zimefika madirishani, ndani takataka na sindano za watumiaji wa dawa za kulevya, na mpango wa kawaida wa nyumba kama hizo mjini kwenu unajulikana: tingatinga. Wasanii hao ni James Bettison, Bert Long, Jesse Lott, Rick Lowe, Floyd Newsum, Bert Samples na George Smith. Nayaandika majina yote saba kwa makusudi, maana nimeona hata wenyeji hutaja mmoja wakaishia hapo.

Huyo mmoja, Rick Lowe, ana kisa anachokisimulia mwenyewe, na nakipenda. Alikuwa akichora picha kubwa kubwa za dhiki za watu wa mtaani. Mwanafunzi mmoja wa sekondari akaja na wenzake studioni, akazitazama, akamwambia kuwa hayo yote wanayajua, wanaishi nayo, hawahitaji kuonyeshwa. Kama yeye ni msanii, na wasanii ni watu wa kubuni, kwa nini asibuni suluhisho? Kijana yule alimwacha mtu mzima hana jibu. Jibu lilipatikana Holman Street, na lilichukua nyundo, misumari na watu wengi wa kujitolea, makanisa, familia na wafanyakazi wa makumbusho, kila kundi na nyumba yake ya kukarabati. Kwetu hiyo ingeitwa ujima. Na kwenu pia huitwa hivyo, nitafika huko.

Walikuwa na mzee wa kumtegemea kwa fikra, Profesa John Biggers, aliyeanzisha idara ya sanaa ya Texas Southern University mwaka 1949 na mwaka 1957 akasafiri Afrika Magharibi kutazama kwa macho yake. Biggers alizichora nyumba hizi mara nyingi, mapaa yamepangana kama meno ya msumeno, na akina mama wamesimama barazani. Wengine waliona mabanda ya umaskini, yeye aliona mji. Mafunzo yake ndiyo waliyoyashika wale saba: sanaa, elimu, jengo zuri, kulindana, na kujiendesha.

Leo shirika hilo lina majengo 39 kwenye vitalu vitano. Katika nyumba kadhaa wasanii hupewa nafasi wafanye kazi yao kwa miezi, kisha wengine huingia. Nitasema ukweli, mara nyingine naingia natoka sijaelewa kitu, na bibi huniambia usijali, hata yeye mwaka wa kwanza alidhani wanahama na wanasahau vyombo. Lakini nyuma ya nyumba za sanaa zipo nyumba nyingine, na hizo sihitaji kufafanuliwa. Wanakaa humo akina mama vijana wanaolea peke yao na bado wanasoma. Hupewa paa, malezi na watu wa kuwaangalia, mpaka wamalize masomo. Mmoja wa akina mama hao aliingia na mtoto mkononi, baadaye akapata shahada ya uzamivu katika sosholojia, kisha akarudi kufanya kazi mtaa huo huo. Mimi ni mtu wa kulea, kwa hiyo nikiulizwa sanaa ya Holman Street ni ipi, naanzia hapo.

Na kule kwenye kona, mkabala na bustani ya Emancipation Park, wamefufua ukumbi wa dansi wa Eldorado Ballroom. Anna na Clarence Dupree, mke na mume Weusi, waliujenga mwaka 1939, enzi ambazo mtu mweusi aliyevaa suti yake nzuri hakuwa na mahali pa kwenda kucheza dansi. Ray Charles alipiga pale, B.B. King pia. Ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwaka 1999 mwenye jengo akalikabidhi kwa shirika, na mwaka 2023 milango ikafunguliwa tena baada ya ukarabati mkubwa. Bibi alikwenda. Alivaa viatu vya kisigino nilivyomkataza kuvaa, na mguu ukavimba siku mbili. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, anaimba.

Nimesema Emancipation Park. Hapo ndipo mimi na Third Ward tulipojuana kwa undani, na hamtaelewa hasira yangu nisipowaeleza.

Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, karibu na Kengeleni. Mahali hapo panaitwa Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, na miaka miwili baadaye wamishonari wa Kiingereza wakawa na kijiji bara ya kisiwa cha Mombasa cha kuwaweka watu waliookolewa majahazini. Wayao, Wamakua, Wanyasa, watoto wasiojua hata majina ya mama zao. Pale iliwekwa kengele, ikipigwa majahazi ya wakamataji yakionekana, ndiyo maana pakaitwa Kengeleni. Ukoo wangu unatokana na mtu mmoja aliyeshushwa pale akiwa mtoto.

Nyinyi mnaijua tarehe 19 Juni 1865, siku Jenerali Gordon Granger alipotoa amri Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln. Miaka saba baadaye, 1872, watu hao hao, waliokuwa mali ya watu juzi juzi, wakachangishana kupitia makanisa yao mawili, Antioch na Trinity. Wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates, Richard Allen, Richard Brock na Mchungaji Elias Dibble, wakanunua ekari kumi ili wawe na mahali pao pa kusherehekea uhuru. Mwaka 1872! Babu zangu waliwekwa kwenye ardhi ya wamishonari, hawa walijinunulia. Siku bibi aliponihadithia haya tumekaa barazani, nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamweleza habari ya Kengeleni, naye akanyamaza. Kisha akaniuliza kama ile kengele bado ipo.

Ipo. Matatu zinapita ubavuni mwake kutwa. Lakini ukoo wangu haupo tena pale. Ardhi ilipanda bei, karatasi hazikuwa za kwetu, mmoja akaenda Mtwapa, mwingine Kilifi, mimi mnaniona nilikofika. Mtalii anaweza kuipiga picha kengele hiyo, na hakuna mtoto wa nyumba yetu wa kumweleza ilimlilia nani.

Waheshimiwa, ninaloogopa Third Ward ni hilo. Sisemi mtaibomoa historia. Mmeitunza, nimeona. Mlitengeneza Emancipation Park kwa zaidi ya dola milioni 33 ikafunguliwa upya mwaka 2017, na mwaka huo huo barabara iliyokuwa na jina la Dowling, askari wa upande uliopigania utumwa, ikaitwa Emancipation Avenue. Ahsanteni. Naogopa mtabaki na kengele.

Kopo la biskuti sasa. Ni la bati, la bluu, na bibi ameweka humo kadi anazoletewa na watu wanaotaka kununua nyumba yake. Nyingine zimechapwa kwa herufi zinazoiga mwandiko wa mkono, kana kwamba jirani amekaa mezani akaandika: "Nilipita mbele ya nyumba yako nikaipenda, nalipa taslimu, hata kama inavuja." Mwezi wa Ramadhani uliopita, saumu ikinichosha na bibi amelala, nilizihesabu. Zilikuwa 63. Hajazitupa kwa sababu anaandikia orodha ya sokoni upande wa pili. Lakini vijana wengine wanakuja wenyewe. Mmoja alipanda ngazi akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akamwita bibi kwa jina lake la kwanza, mwanamke wa miaka 84, akamwuliza atakufa na nyumba hii ili iweje. Hakusema hivyo kwa maneno hayo. Alisema, "Umefikiria mipango yako ya baadaye?" Kwetu kijana wa namna hiyo angeondoka na kandambili mgongoni.

Kwa nini wanaitaka? Nimeelezwa na naomba mnisahihishe nikikosea. Houston haina sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi kama miji mingine mikubwa ya Marekani. Halafu mwaka 1998 Baraza lenu liliruhusu ndani ya barabara ya mzunguko ya 610 kiwanja kiweze kukatwa hadi futi 1,400 za mraba, pale ambapo kawaida ilikuwa 5,000. Third Ward iko ndani ya mzunguko. Maana yake, pale penye nyumba moja ya mbao na mti wa njugu za pekani uani panaingia ghorofa tatu nyembamba za orofa tatu tatu. Nimeziona zikiota. Gereji ziko chini, watu wako juu, na upande wa barabarani hakuna baraza. Majirani wapya si watu wabaya, wanatupungia mkono wakiwa ndani ya gari, mlango wa gereji unapanda, gari linamezwa, mlango unashuka. Bibi amejaribu kujua majina yao. Anajua ya mbwa wawili.

Ghorofa hizo zikiuzwa ghali, kiwanja cha jirani nacho kinahesabiwa kuwa ghali, na hapo ndipo inapokuja kodi. Texas haitozi kodi ya mapato, kwa hiyo mzigo umelala juu ya majengo. Wapo wanaoniambia sheria inalinda, thamani ya nyumba anayoishi mwenyewe haiwezi kupandishwa kwa kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na wazee wana nafuu zaidi. Kweli. Ila uwe umetambulika kuwa ni mwenye nyumba.

Nyumba ya bibi imeandikwa jina la babu yake. Babu alikufa zamani bila wosia, mama yake bibi akakaa humo, akafa bila wosia, bibi amekaa humo na kulipa kila bili, na warithi wengine wamesambaa, mmoja California, wawili Chicago, mmoja hajulikani alipo. Karatasini nyumba ni ya marehemu. Na marehemu hapati nafuu ya mzee, wala hapewi fedha za kutengeneza paa baada ya mafuriko. Msidhani ni uzembe wa watu wasiosoma. Mtu mweusi wa Texas ya zamani kwenda kwa wakili au mahakamani na hati ya nyumba yake mkononi, mara nyingi ilikuwa ndiyo njia ya kuipoteza. Walihifadhi nyumba kwa kuziweka mbali na ofisi. Sasa ofisi zinawaadhibu kwa hilo.

Mimi mwenyewe nilimpeleka kwenye ofisi moja, sitaitaja. Tulikaa saa tatu. Karani alikuwa na adabu, sina neno naye. Alitaka cheti cha kifo cha babu. Bibi akamwambia babu alikufia Louisiana kabla hawajajua vyeti. Karani akasema basi lete cha huyo aliyekufa baadaye. Tukaleta. Tukaambiwa hiki ni nakala, lete chenye muhuri. Mara ya tatu bibi alikataa kushuka kwenye gari.

Mnajua aliyetutoa? Hakuwa ofisa. Tulikwenda Holman Street kuangalia maonyesho mapya, bibi akachoka, tukakaa barazani mwa nyumba mojawapo, na mama mmoja aliyekuwa amekaa hapo anakula machungwa akaanza mazungumzo ya kawaida, joto, magoti, wajukuu, mpaka yakafika kwenye kodi. Ndiye aliyetuambia kwamba tangu mwaka 2019 sheria ya Texas inamruhusu mrithi anayeishi ndani ya nyumba ya ukoo kudai nafuu kamili kwa hati ya kiapo, bila kuwa na jina lake kwenye hati ya nyumba. Alikuwa ameshaipata yeye. Miaka yote hiyo sheria ipo, na bibi analipa kama mfanyabiashara. Tulijaza fomu wiki hiyo.

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi. Tulikwenda kuona sanaa ambayo hata hatukuielewa, tukarudi na nyumba. Mama yule asingekuja kugonga mlango wetu, na sisi tusingemjua. Tulikutana kwa sababu palikuwa na baraza, na palikuwa na kitu cha kututoa nyumbani. Mkiniuliza shirika la sanaa linajenga jamii kwa njia gani, mimi sina jibu la kitabuni, nina maganda ya machungwa.

Lakini shirika haliwezi kufanya kazi yenu. Lina majengo 39, mtaa una maelfu. Haliwezi kushusha kodi wala kubadili ukubwa wa viwanja. Tena, naomba msinielewe vibaya, lenyewe limo hatarini kutumika kama chambo. Nimeona tangazo la ghorofa linalojisifu kuwa liko hatua chache kutoka "mtaa wa sanaa wenye historia". Wasanii walizuia tingatinga, sifa ikapanda, na sifa hiyo ndiyo inayouza kiwanja cha jirani wa bibi. Haiwezekani wale waliopanda mwembe wawe ndio wa kupigwa mawe yanayotafuta maembe.

Basi naomba haya, na yote yako ndani ya uwezo wenu ama wa kaunti.

Kwanza hati za warithi, maana hilo ndilo lenye moto. Tumeni mawakili na makarani mitaani, wakae barazani Holman Street au kwenye makanisa, Jumamosi na si Jumatano saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Waje na muhuri wao. Mnazo orodha za kodi, mnajua nyumba zipi zimeandikwa majina ya watu ambao wangekuwa na miaka 130. Anzieni hizo. Na ile sheria ya 2019 iandikwe kwa herufi kubwa kwenye bili yenyewe ya kodi, isisubiri mama mwenye machungwa.

Viwanja vitupu vilivyo mikononi mwa taasisi za umma Third Ward msiviuze kwa anayetaja bei kubwa. Mnao mfano, ule mfuko wa ardhi ya jamii ambapo mtu hununua nyumba na ardhi ikabaki ya mfuko, ili bei isije ikaruka atakapouza. Vipeni viwanja vifuate njia hiyo, na waliokulia mtaani wawe wa mwanzo kwenye foleni. Wajukuu wa bibi wanataka kurudi. Mmoja ni dereva wa basi lenu.

Kuna pia ile kanuni yenu nzuri ambayo watu wa barabara moja wanaweza kukusanya saini, ukubwa wa viwanja vyao ukalindwa kwa miaka 40. Lakini saini hizo zinakusanywa na nani? Na wazee wenye magoti mabovu, wakishindana na kampuni zenye mawakili. Mpeni mtaa mtu wa kuusaidia kuandaa maombi hayo, na mkiyapata msiyaweke chini ya rundo wakati vibali vya kubomoa vinapita.

Juu ya fedha za sanaa nitasema kidogo, kwa kuwa si fani yangu. Mgeni akilala hotelini Houston hulipa kodi ya asilimia 17 juu ya chumba, na katika hiyo 7 ni ya jiji. Sheria yenu inatenga hadi asilimia 19.3 ya hizo za jiji kwa ajili ya sanaa. Si pesa ndogo. Naomba mashirika ya mitaani yapewe fungu la miaka mitano mitano, la mishahara na umeme na kuziba paa, badala ya kuombwa kila mwaka mradi mpya wenye jina jipya. Mimi najua kazi ya kutunza. Hakuna mtu anayekupa tuzo kwa kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda. Nyumba ya mbao ya miaka ya 1930 ni mgonjwa wa namna hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye neno ujima. Desemba moja nilimpeleka bibi kwenye Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi. Watoto wamesimama mbele, mishumaa saba, wanasoma: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Nilishtuka kusikia lugha ya mama yangu katika ukumbi wa Texas. Mtoto mmoja "kujichagulia" ilimshinda, akaikata vipande vitatu, ukumbi mzima ukamsaidia. Baadaye nikaelezwa kwamba Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966 na akachukua maneno ya Kiswahili, kwa vile hakuna kabila moja linaloweza kudai kwamba lugha hiyo ni yake peke yake. Jina lenyewe linatokana na matunda ya kwanza, wakaongeza "a" moja ili herufi ziwe saba kama watoto waliokuwepo. Mwanzo nilicheka kidogo moyoni, nisamehewe. Kisha bibi akaniomba nimfundishe kulitamka vizuri, naye ndiye sasa ananisahihisha mimi niseme majina ya mitaa ya Houston.

Waheshimiwa wengi miongoni mwenu mmesimama kwenye shughuli kama zile, nimewaona kwenye picha, mkitaja ujima kwa sauti. Neno hilo si pambo. Kwa wakulima wa kwetu lina maana kwamba leo watu wote wanalima shamba lako, kesho unalima la mwenzako, na usipotokea na jembe unajulikana. Mkilitaja tena Desemba, tutakuwa tumekaa mstari wa mbele na tutauliza jembe liko wapi.

Nimeambiwa Jumanne raia anaweza kujiandikisha kusema mbele yenu, dakika chache. Nimejiandikisha mimi, na bibi amejiandikisha pia. Atakuja na kiti cha magurudumu, kwa hiyo naomba tuelezwe mapema ni mlango upi wenye njia ya kupandia. Kopo la biskuti tutalibeba. Amesema zamu yake ikifika atawasomea kadi tatu, kisha atakaa kimya mpaka dakika zake ziishe, awaangalie.

Wenu,

Mtunza wazee, mzaliwa wa Kengeleni,
mkazi wa Houston